Kurudilia egzame ao kuacha? Hesabu tuliyofanya sisi watatu

Tangu turudi kutoka Kigali mwezi wa nane, kila juma nyuma ya kikao mnatuuliza swali lilelile: "Mlishinda?" Tunacheka, tunajibu nusu, tunageuza maneno. Juma hili tumeona heshima ni kuwajibu vizuri. Sehemu kubwa ya feza tuliyosafiri nayo ilitoka katika sanduku la AVEC yetu, na wengi wenu mlibaki na watoto wetu siku tatu nzima.

Jibu la kwanza ni kwamba egzame ile haina kushinda wala kuanguka. Tueleze kwanza, kusudi tusikie pamoja.

Sisi ni walimu watatu wa Kiingereza katika shule za sekondari hapa Bukavu. Tulisoma ISP, tukapata lisansi, tukaolewa, tukaingia darasani. Kwa miaka mingi tulikuwa tunasema tu: siku moja tutaendelea na masta. Mwaka jana tukaacha kusema, tukaanza kuandikia vyuo vikuu vya Marekani vyenye kufundisha mambo ya elimu na ya lugha. Vyote viliomba karatasi za masomo na barua za watu wanaoijua kazi yetu. Vingine viliongeza jambo moja: pointi za GRE.

GRE ni egzame ya watu wenye kutaka kuendelea na masomo nyuma ya lisansi. Inatayarishwa na shirika la Marekani liitwalo ETS, lililoanzishwa mwaka 1947, na inafanyika kwa ordinateri katika nchi nyingi. Ina sehemu tatu: insha moja ya dakika 30, kusoma na maneno, maswali 27 kwa dakika 41, na hesabu, maswali 27 kwa dakika 47. Zamani ilikuwa ndefu kuliko hivyo. Tangu Septemba 2023 ilifupishwa, sasa haifiki saa mbili. Pointi za kusoma zinaanzia 130 mpaka 170, na za hesabu vilevile. Insha inapewa kati ya 0 na 6. Hakuna mstari wenye kusema: hapa umeshinda, hapa umeanguka. Kila chuo kinaangalia pointi zako kwa macho yake, pamoja na mambo mengine uliyoleta.

Kwa hiyo swali lililotunyima usingizi halikuwa "tulishinda?" Lilikuwa hili: turudilie ao tuache?

Siku ya Kigali

Kujiandikisha kunalipiwa kwa kadi ya benki. Ndugu ya mmoja wetu mwenye kufanya biashara Kigali alitulipia, tukamrudishia dola mkononi. Bei ni dola 220 kwa mtu mmoja. Ukiweka basi, chakula na pahali pa kulala, kila mmoja wetu alitumia karibu dola 300. Ninyi mnajua mshahara wa mwalimu. Feza hiyo inapita ya mwezi mzima.

Kuna jambo la paspoti pia, tunalisema juu ya wale watakaotufuata. Jina unaloandika wakati wa kujiandikisha lazima lifanane na lile la paspoti. Sisi Wakongomani wenye jina, postnomu na prenomu, tunaweza kufungiwa mlango juu ya neno moja lililowekwa pahali pa lingine. Mmoja wetu aliona kosa lake siku zingali nyingi, likatengenezwa. Asingeangalia, angelipa dola 220 za kutembea Kigali.

Tulivuka Ruzizi asubuhi, tukapanda basi, tukapita msitu wa Nyungwe, tukafika jioni miguu imevimba. Mwenzetu mmoja alikuwa na mtoto wa miezi saba mgongoni. Usiku ule mtoto alipata homa. Mama alimkandika kwa kitambaa cha maji mpaka alfajiri, akamwachia mke wa ndugu yetu, akaingia katika chumba cha egzame bila kufumba jicho.

Ukimaliza, ordinateri inakuonyesha palepale pointi za kusoma na za hesabu. Za insha zinakuja nyuma, siku nane mpaka kumi hivi. Sisi tulitoka na hizi:

Wa kwanza: kusoma 151, hesabu 139.

Wa pili: kusoma 154, hesabu 149.

Wa tatu, yule mwenye mtoto: kusoma 144, hesabu 143. Yeye nyumbani, katika egzame za kujaribu, alikuwa anapata 151 na 147.

Tumeandika hivi bila majina, lakini ninyi mnatujua, mtatambua tu nani ni nani. Si kitu.

Haya na deni

Katika basi la kurudi hakuna aliyesema neno mpaka Nyungwe. Huku nyumbani maneno yalikuwa yanatungoja. Mwanafunzi mmoja alimwuliza mwenzake kwa sauti ya kusikika: "Ule mwalimu naye anaangukaka egzame?" Mama mkwe wa mmoja wetu, mama mwema kabisa, aliuliza bila ubaya: "Mwana yangu, hiyo egzame gani mtu analipia mara mbili?"

Sisi ndio wenye kuwaambia watoto kila mwisho wa mwaka kwamba kurudilia darasa si kufa. Neno lile liliturudilia, tukaona lina uchungu.

Juma la kwanza sote watatu tulisema: tutarudilia, mara moja, mwezi huuhuu. Juu ya nini? Juu ya haya. Tulitaka kufunga vinywa vya watu. Juma la tatu, wakati wa kuleta sehemu ya deni katika AVEC, sote watatu tulisema: tunaacha, masta si yetu. Juu ya nini? Juu ya deni. Hapo ndipo tulishtuka. Mara mbili tulikata shauri, na hakuna hata mara moja tuliyoangalia egzame yenyewe. Tungemwona mwanafunzi akifanya hivyo, tungemwambia aketi kwanza.

Basi siku ya yenga moja mchana tuliketi, tukafungua daftari, tukaandika maswali tano. Kila mmoja alijibu kwa kalamu yake.

Maswali tano

La kwanza: chuo kinaitaka kweli? Tangu mwaka 2020 vyuo vingi vya Marekani viliondoa GRE, ao vilisema mtu ailete akitaka. Na katika chuo kimoja, kitivo hiki kinaweza kuiomba, kile cha jirani hakiiombi. Lazima kusoma ukurasa wa masomo yenyewe unayoyataka, si kusikia kwa mtu aliyeenda miaka kumi iliyopita. Wa pili wetu alisoma tena pole pole. Masomo aliyoyapenda kuliko yote hayaombi GRE. Alikuwa anataka kulipa dola 220 kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyemwuliza.

La pili: pointi ngapi, na kwa sehemu gani? Vyuo fulani vinaandika pointi za kati za wanafunzi waliowapokea. Ukizipata, linganisha sehemu kwa sehemu. Mwenye kutaka masomo ya lugha ataangaliwa zaidi kusoma na insha. Mwenye kutaka masomo ya kupima na kutathmini elimu ataulizwa hesabu. Neno "kidogo" halina maana mpaka uambiwe kidogo kwa nani.

La tatu, na sisi tunaona ndilo kubwa: sababu ya pointi zile ni ipi, na je, tumeiondoa? Watayarishaji wa egzame wenyewe wanakubali kwamba kipimo chao hakifiki mpaka pointi moja. Mtu yuleyule, mwenye ujuzi uleule, akirudilia anaweza kupanda ao kushuka pointi mbili hivi bila sababu. Basi mwenye kurudilia juu ya pointi mbili analipia bahati. Na mwenye kurudilia bila kubadilisha kitu chochote nyumbani naye analipia bahati. Kama shamba halikuzaa, mama hapandi tena mbegu ileile, pahali palepale, siku ileile, halafu akategemea mahindi mengine. Anaangalia kwanza: ilikuwa mvua, mbegu, ao nguruwe?

Kwa wa kwanza sababu ilikuwa wazi. Tangu humanité hakugusa hesabu. Si kwamba hana akili ya hesabu, maana anauza sabuni na hakuna mwenye kumdanganya franka. Tuwape mfano wa swali la namna ile. Kilo ya maharagwe ni franka 2000. Bei inapanda asilimia 20, halafu inashuka asilimia 20. Je, imerudi palepale? Wengi wanajibu ndiyo. Lakini 2000 ikipanda inakuwa 2400, na asilimia 20 ya 2400 ni 480, basi inashuka mpaka 1920. Mama wa soko akipewa muda anaiona. Katika GRE una chini ya dakika mbili kwa kila swali, na limeandikwa kwa Kiingereza cha mitego. Mashini ya hesabu ipo ndani ya ordinateri, lakini haikuambii ufanye nini. Zaidi ya hayo, sehemu ya kwanza ya hesabu ukiifanya vizuri, ya pili inaletwa ngumu zaidi, yenye kuweza kukupandisha juu. Ukivurugika mwanzoni, mlango wa juu unapungua. Yeye alivurugika mwanzoni. Aliacha hata maswali matano bila jibu, wakati jibu baya halikati pointi. Ni afadhali kujibu yote.

Kwa wa tatu sababu nayo ilikuwa wazi: usiku mmoja. Ujuzi alikuwa nao.

Kwa wa pili hakukuwa sababu. Alipata sawasawa na alivyokuwa anapata nyumbani. Ndio uwezo wake wa siku zile, na ni mzuri.

La nne: kalenda inasema nini? Kati ya egzame moja na nyingine lazima zipite siku 21, na katika miezi 12 haipiti mara tano. Pointi zinaishi miaka mitano. Vyuo vingi vinafunga mlango wa maombi kati ya mwezi wa kumi na mbili na mwezi wa kwanza. Ukihesabu siku za kungoja matokeo, unajua kama unaweza kurudilia mwaka huu ao la. Tulikuwa pia na woga kwamba pointi za kwanza zitatuchafua kwa daima. Sivyo. Mwenye kufanya mara mbili anachagua matokeo ya siku gani yatumwe. Lakini hawezi kuchukua kusoma kwa siku ya kwanza na hesabu kwa siku ya pili. Siku moja inaenda nzima.

La tano: feza ni ya nani? Hapa kalamu zetu zilisimama.

Tulivyokata shauri

Wa pili anaacha. Haikuwa rahisi, maana ndiye aliyekuwa na pointi nyingi kuliko sisi, na mwenye kukaribia ndiye mwenye kutamani kuongeza. Lakini masomo yake yanaomba egzame nyingine, TOEFL, ya kuonyesha kwamba mtu asiyezaliwa katika Kiingereza anakijua. Pointi za TOEFL zinaishi miaka miwili tu, basi ni kuifanya wakati unakaribia kuomba. Feza yake inaenda huko. Na jioni alizotaka kusomea GRE anaziweka katika barua ya maombi, kueleza darasa la watoto 60 na zaidi linafundishwa namna gani kwa kitabu kimoja.

Wa kwanza anarudilia. Tangu mwezi wa tisa, mara tatu kwa juma, mwalimu wa hesabu wa shule yake anamfundisha asilimia, sehemu, aljebra na pembetatu. Hamlipi feza. Yeye anamfundishia binti yake Kiingereza. Nyumbani anaamka saa kumi ya usiku, wakati umeme upo na watoto wamelala. ETS inatoa egzame mbili za kujaribu bila malipo. Moja alikuwa ameitumia mbele ya Kigali, ya pili aliiweka mpaka juma lililopita. Hesabu ilitoka 146. Kutoka 139 mpaka 146 si bahati. Hiyo ni kazi. Akipata hivyo Kigali, chuo chake kinaweza kumsoma bila kukunja uso. Asipopata, ataomba na pointi zitakazokuwepo, na hatarudilia mara ya tatu. Hilo aliliandika katika daftari mbele yetu, kusudi haya isimdanganye tena.

Wa tatu anangoja. Hapa tuseme ukweli, wamama, bila kupaka mafuta. Kati yetu sisi watatu, yeye ndiye aliyekuwa na sababu nzuri kuliko zote ya kurudilia. Hakukosa ujuzi, alikosa usingizi. Angeingia kesho amelala vizuri, angepanda. Lakini deni lake la AVEC halijaisha. Mwezi wa kumi na mbili ni wa kugawana, na sheria yetu inasema kila deni lirudi katika sanduku mbele ya kugawana. Baba ya watoto alisema: "Tuuze mbuzi mbili, uende." Alikataa. Mbuzi zile ni minervali ya mkubwa wao. Alifunga daftari, akalia. Tulimwacha alie. Nyuma yake akaandika: likizo kubwa ya mwaka ujao, mtoto ameacha ziwa, deni limekwisha. Jambo analolitaka halijafa, limesogea mwaka. Lakini mwaka ni mwaka, na sisi hatutamwambia kwamba ni kitu kidogo.

Tuliyojifunza juu ya binti zetu

Tunaandika haya juu ya jambo lingine pia. Kila mwaka, Egzame ya Taifa ikitoka, kuna nyumba inayolia katika kartie. Binti hakufikisha asilimia 50. Siku ileile maneno mawili yanatoka: "Atarudilia tu," ao "Basi, aolewe." Yote mawili yanatoka haraka sawa yetu. La kwanza linatoka katika haya, la pili katika gharama. Na binti mwenyewe hakuna aliyemwuliza ilikuwa nini.

Tunawaomba, mbele ya kusema neno, keti naye na daftari. Sababu ilikuwa ipi? Ni somo moja, ao yote? Ni ugonjwa, ao siku za kuangalia wadogo zake nyumbani wakati wenzake wanarudilia masomo? Mwaka huu ni nini kitabadilika, na nani atakibadilisha: yeye, ao sisi? Kama binti alianguka juu ya kuteka maji na kupika kila jioni mpaka saa tatu, na mwaka ujao atateka na kupika vilevile, basi tumelipa minervali ya bure, halafu tutasema hana akili. Na kama sababu imejulikana na imeondolewa, kurudilia si haya. Ni kazi iliyobaki.

Maombi mawili

La kwanza ni kwa kikao. Mwezi wa kwanza tutaanza mzunguko mpya wa AVEC na kusoma tena sheria. Tunaomba tuzungumze kama inawezekana kuweka kando sehemu ndogo ya feza kwa ajili ya egzame za wamama na za binti zetu, yenye muda wake wa kurudisha. Sanduku la msaada linatusaidia wakati wa kilio na wa kuzaa. Tujiulize kama masomo nayo yana pahali pake. Mwenye kupinga aseme na sababu. Tutasikia, maana feza ni ya sisi wote.

La pili ni la juma hili. Mwenzetu wa hesabu anavuka Ruzizi siku ya tano asubuhi, egzame ni siku ya posho, anarudi siku ya yenga jioni. Ana watoto wanne. Wawili wakubwa wamepata pahali. Wamebaki wawili wadogo, mmoja wa miaka sita na mmoja wa mitatu, wasiosumbua sana isipokuwa wakati wa kulala. Na safari hii mwenzetu wa tatu hatabeba mtoto kwenda popote, lakini amesema yeye ndiye atakayemsindikiza mpaka mpakani.

Mama mwenye nafasi usiku mbili, atuambie nyuma ya kikao. Na mkitaka kumwuliza kitu, msimwulize kama atashinda. Mwambieni alale mapema.